Mwongozo kamili: Edale, Mam Tor na ngome ya Peveril kwa miguu, bila gari na bila kuachwa na treni

Kuanzia Machi mpaka Oktoba simu yangu haitulii. Mmoja yuko Leicester, mwingine Coventry, mwingine kaja kusalimia ndugu zake Manchester, wote wameona picha ya Mam Tor na ile njia ya mawe inayopita juu ya mgongo wa mlima, wakaenda, na wote wanarudi na hadithi ileile. Ngome tuliikuta imefungwa. Treni ya kurudi ilitupita. Mvua ilitupiga tukiwa na jinzi. Simu ilikata netiweki tukajikuta katikati ya shamba la mtu tunazungukana na ng'ombe.

Inaniuma kwa sababu sehemu yenyewe ni nzuri mno, na haitaki pesa nyingi wala gari, inataka mpangilio tu. Na ukiangalia vizuri wote wanakosea palepale, wanapanga safari ya kijijini Uingereza kama wanavyopanga kwenda mjini, wanajiuliza "tutafika saa ngapi?" wakati swali la kwanza ni "tutaondoka saa ngapi?". Kijijini kila kitu kinafungwa mapema, treni ni chache, na giza halikusubiri.

Nimechagua njia moja nnayoijua vizuri, ndani ya hifadhi ya Peak District kati ya Manchester na Sheffield. Unashuka treni Edale, unapanda mpaka Hollins Cross, unatembea juu ya mgongo mpaka kilele cha Mam Tor, unashukia kijiji cha Castleton, unaingia ngome ya Peveril, halafu unafuata mto mdogo mpaka steshoni ya Hope na kurudi nyumbani. Ni kama kilomita 11 hivi, siku nzima kwa mwendo wa kawaida. Uzuri wake ni kwamba unaanzia steshoni moja na kumalizia nyingine kwenye reli ileile, kwa hiyo hurudii njia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

Hivi viandae usiku, asubuhi utasahau.

- Viatu vyenye soli ya kung'ata. Buti za kupandia mlima ni bora, raba zenye meno zinatosha wakati wa kiangazi. Raba nyeupe za mjini hapana, yale mawe yakilowa yanateleza kama sabuni.
- Koti la mvua lenye kofia, hata kama jua linawaka unapotoka nyumbani. Mwavuli uache, juu kule upepo unaugeuza ndani nje dakika ya kwanza.
- Nguo za tabaka. Fulana isiyo ya pamba ndani, sweta la manyoya katikati, koti juu. Jinzi ikilowa haikauki na inakunyonya joto lote. Usinunue vipya kama ndo mara ya kwanza, ingia maduka ya mitumba ya hisani, miji yote ya Uingereza yanayo.
- Ramani ya karatasi, OS Explorer OL1 (OS ni Ordnance Survey, wachora ramani wa taifa huku), ile yenye jalada la rangi ya chungwa. Ukiinunua inakuja na namba ya siri ya kuishusha kwenye simu pia.
- Simu yenye chaji kamili na pawa benki.
- Tochi na filimbi. Tochi ya simu usiitegemee.
- Maji lita moja na nusu kila mtu, na chakula chenu. Chapati za jana, mayai ya kuchemsha, ndizi, flaski ya chai ya tangawizi. Nitaeleza kwa nini hukohuko mbele.
- Mfuko wa takataka, karatasi ya chooni, sarafu kidogo.
- Mbeleko kama una mtoto mchanga. Kigari cha kusukuma hakifai kabisa kwenye njia hii, kuna mageti membamba, vingazi vya kuvukia kuta na ngazi za mawe. Dada mmoja alikibeba kigari kichwani karibu safari nzima na mtoto mgongoni, kumbe kanga moja ingetosha.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na ngome ndo iamue

Usichague siku kwa hali ya hewa kwanza. Anza na ngome ya Peveril maana ndo kitu pekee kwenye njia hii chenye mlango na kufuli. Iko chini ya English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, na msimu wa baridi inafunguliwa wikendi tu na inafungwa mapema. Ingia kwenye tovuti yao, angalia tarehe yako hasa, angalia na saa ya mwisho ya kuingia, ambayo sio sawa na saa ya kufunga.

Kata tiketi mtandaoni kabla ya kwenda, bei inakuwa nafuu kuliko mlangoni. Kama kuna mtu kwenye kundi ni mwanachama wao anaingia bure na watoto wake.

Ukishapata siku, ndo uangalie jua. Mwezi wa 6 mwanga unakaa mpaka saa 3 na nusu usiku, una nafasi ya kukosea. Mwezi wa 12 jua linazama kabla hata ya saa 10 jioni. Na jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, kwa hiyo wiki moja tu giza linakuja saa nzima mapema, hapo ndo watu wengi wananaswa kwa sababu wanatumia hesabu ya wiki iliyopita.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: Mei, Juni au Septemba, siku ya katikati ya wiki kama kazi inaruhusu. Jumamosi za Agosti kule juu kunajaa kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

## Hatua ya 2: Panga treni kutoka mwisho kurudi mwanzo

Hii ndo hatua inayoua safari nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Reli ya Hope Valley inaunganisha Manchester Piccadilly na Sheffield. Edale na Hope zote ziko juu yake. Lakini sio kila treni inasimama! Zile za haraka zinapita Edale kama hazikuoni, zinazosimama ni zile za taratibu, kwa kawaida kama moja kwa saa, na jumapili mambo yanaweza kubadilika kabisa kwa sababu ya matengenezo ya reli, unakuta treni imegeuzwa kuwa basi.

Fanya hivi. Fungua tovuti au programu ya National Rail, tafuta safari ya kutoka Hope kurudi kwenu, sio ya kwenda. Andika treni tatu: ile unayoitaka, inayofuata, na ya mwisho kabisa ya siku. Toka hapo hesabu kurudi nyuma.

Hesabu ya kutembea wanayotumia wapanda milima wa huku ni saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia yetu ya kilomita 11 yenye kupanda kama mita 350 ukijumlisha na ngome inakupa chini kidogo ya saa 3. Sasa huyo ni mtu aliyezoea na hapigi picha. Sisi tuna watoto, tuna selfi, tuna shangazi anayepumzika, kwa hiyo zidisha mara moja na nusu, unapata saa 4 na kitu. Ongeza saa moja ya ngome na saa moja ya chakula. Jumla masaa 6 na robo. Ukitaka treni ya saa 10 na nusu jioni Hope, lazima uwe umeshuka Edale saa 4 asubuhi. Wa London mjue hapo mnatoka nyumbani alfajiri, au mnalala Sheffield.

Onyo la saa. Tunapoandikiana kwenye grupu tuandike saa za treni kwa tarakimu kama zilivyo kwenye ratiba, yaani 10:00, sio "saa nne". Nimeshuhudia kundi la watu tisa wakigawanyika vipande viwili kwa sababu vijana waliozaliwa huku walisoma "saa nne" wakaelewa ni jioni. Nusu walifika, nusu hawakufika kabisa.

Onyo la tiketi. Tiketi iliyoandikwa Advance ni ya treni ile moja tu iliyotajwa, ukiikosa imekufa. Kwa safari kama hii ambayo kurudi kunaweza kuchelewa nunua ya kwenda na kurudi iliyoandikwa Off-Peak, inakubali treni yoyote nje ya saa za msongamano. Ni ghali kidogo lakini inakupa amani. Na usipande bila tiketi, faini ni paundi 100 juu ya nauli, inashuka kuwa 50 ukilipa ndani ya siku 21. Mkiwa wawili mnaosafiri pamoja mara kwa mara kateni ile kadi ya Two Together, inapunguza theluthi ya nauli kwa wote wawili, ila siku za kazi haifanyi kazi kabla ya 09:30.

Umefanikiwa hatua hii kama una karatasi (ndio, karatasi) yenye saa tatu za kuondoka Hope na kila mtu mzima kwenye kundi anayo.

## Hatua ya 3: Shusha ramani, jifunze alama mbili

Ukiwa bado kwenye waifai ya nyumbani, shusha ramani ya eneo zima kwenye simu. Bondeni Edale netiweki inakuja na kupotea, na ile ramani ya kawaida ya simu inayokuonyesha barabara za magari haionyeshi njia za miguu vizuri, ndo inayowatupa watu kwenye mashamba.

Kwenye ramani ya OS njia za miguu za umma ni vistari vya kijani vilivyokatika-katika. Sentimita 4 ni kilomita moja. Ukiwa kwenye ardhi yenyewe utaona mishale midogo kwenye nguzo na mageti: wa njano ni wa watembea kwa miguu, wa bluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Hizo mbili zinatosha kwa siku hii.

Watu wengi wetu wanaogopa hapa, wanaona geti la shamba, kondoo ndani, nyumba ya mwenye shamba pale, wanasema hii ni mali ya mtu tutafukuzwa, wanageuza na kupita barabarani kwenye magari. Jamani, ukiona bango la Public Footpath au mshale wa njano una haki ya kisheria kupita hapo, hata kama njia inapita kwenye ua wa mkulima. Watu waliipigania haki ya kutembea milima hii, Aprili 1932 vijana wa viwandani walipanda Kinder Scout, mlima wa ng'ambo ya Edale, kwa makusudi ingawa ulikuwa umefungwa, na watano wakafungwa jela. Tembea bila woga, ila usitoke nje ya njia.

## Hatua ya 4: Angalia hali ya hewa ya MLIMA, sio ya mji

Jioni ya kabla ya safari fungua utabiri wa milimani wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku, Peak District ina ukurasa wake. Utabiri wa Sheffield utakudanganya. Angalia vitu vitatu: upepo juu ya kilele, mawingu yanashuka mpaka wapi, na mvua inaanza saa ngapi.

Mam Tor ni mita 517 tu, mtu wa Moshi au Mbeya atasema hicho ni kilima. Kweli ni kilima. Lakini hakina mti juu, upepo unakuja moja kwa moja, na baridi ya upepo ni tofauti kabisa na baridi ya kwenye kipimo. Wingu likikaa juu ya mgongo huoni hatua ishirini mbele na picha uliyoifuata haipo. Ukiona hivyo, ahirisha, au nenda Castleton chini kwa chini (nimeeleza mwishoni).

## Hatua ya 5: Edale mpaka Hollins Cross

Ukishuka Edale nenda chooni kwanza, vipo karibu na maegesho ya magari, na toka hapo hakuna kingine mpaka Castleton. Jaza maji.

Halafu tafuta bango la Hollins Cross au Castleton. Kosa la kawaida: watu wanafuata umati, na asubuhi umati mwingi wa Edale unaelekea kaskazini kwenye Kinder Scout na kwenye Pennine Way, ile njia ndefu ya kilomita kama 430 inayokwenda mpaka Scotland. Wewe unaelekea kusini. Mgongo mrefu unaouona upande wa pili wa reli na barabara, huo ndo wako, na ile sehemu iliyobonyea katikati ya mgongo ndo Hollins Cross. Weka macho pale, ukijiona unaipa mgongo umepotea.

Njia inapita kwanza katikati ya mashamba. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, mkulima ana sababu yake. Usipande juu ya kuta za mawe, zimejengwa bila saruji, jiwe moja likitoka linavuta mengine.

Kuhusu ng'ombe. Wengi wetu tumekulia na ng'ombe, tunadhani tunawajua, lakini hawa wa huku wanaachwa shambani peke yao bila mchungaji, hawajazoea mtu kuwaongoza kwa fimbo. Wakiwa na ndama usipite kati ya mama na mtoto wake, zunguka mbali, tembea polepole bila kelele. Kama umekuja na mbwa na ng'ombe wakakujia, mwachie mbwa akimbie, wanamtaka yeye.

Sehemu ya mwisho inapanda kwelikweli. Nenda mwendo wa mzee, hatua fupi, usisimame-simame. Njia hii zamani watu wa Edale waliitumia kubeba majeneza kwenda kuzika Castleton kabla hawajawa na kanisa lao, kwa hiyo unapohema kumbuka kuna watu waliipanda na maiti mabegani wakati wa theluji.

Utajua umefika ukiona kijinara cha mawe cha duara, njia zinakutana pande zote, na ghafla bonde la pili linafunguka mbele yako lenye bomba refu la kiwanda cha saruji. Hilo bomba likariri, litakusaidia jioni. Kutoka steshoni mpaka hapa ni kama saa moja.

## Hatua ya 6: Juu ya mgongo mpaka Mam Tor

Ukitokea Edale, Mam Tor iko kulia. Kushoto ni Back Tor na Lose Hill, pazuri pia lakini sio leo.

Hapa ndo ile picha. Njia imetandikwa mabamba ya mawe mpaka kileleni, huwezi kupotea. Tafadhali tembeeni juu ya mawe hata kama nyasi zinaonekana laini, yaliwekwa kwa sababu nyayo za watu zilikuwa zinakula mlima. Na watu wa njiani watakusalimia. London unaweza kukaa na mtu kwenye treni saa nzima bila neno, lakini huku juu kila anayepishana na wewe anasema "morning", jibu, salimia, ni ustaarabu wa mahali na ni raha.

Jina Mam Tor maana yake ni Mlima Mama, na ukiangalia uso wake wa mashariki utaona umebomoka, udongo unaendelea kuporomoka kidogo kidogo. Chini ya mawe magumu kuna tabaka laini linalolegea likinywa maji, ndo maana barabara iliyopita pale chini ilishindikana kutengenezwa, ikafungwa kwa magari mwaka 1979. Usisogee ukingoni upande huo kupiga picha. Hakuna uzio.

Kabla ya kilele angalia chini ya miguu yako, kuna tuta na handaki vinavyozunguka mlima. Watu wanavuka hapo bila kujua wameshaingia boma la kale, maelfu ya miaka lina, watu waliishi humu ndani na sehemu za sakafu za vibanda vyao bado zinaonekana kama vibakuli kwenye nyasi, hasa jua likiwa chini. Mimi huwa nakaa hapa kuliko kileleni.

Kilele kina nguzo ya zege ya wapima ramani, foleni ya picha, na upepo. Kula chakula chenu shukeni kidogo upande usio na upepo. Kwa wanaoswali, kibla kutoka huku ni kusini mashariki, na ukisimama juu ya mgongo uwanda ni mpana, hamna atakayekusumbua. Chukueni udhu Edale. Msimu wa baridi jueni adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya chini ya masaa manne, pangeni mapema.

Najua sisi matembezi bila nyama choma hayajakamilika. Huku juu hapana, hata jiko dogo la mkaa. Nyasi na udongo wa milima hii vinashika moto unaoingia chini ya ardhi na kuwaka siku nyingi, mwaka 2018 Saddleworth Moor, sio mbali na hapa, iliungua mpaka jeshi likaitwa.

## Hatua ya 7: Kushuka Castleton

Shuka kwa ngazi za mawe upande wa pili wa kilele mpaka barabarani, magoti yatalalamika, nenda taratibu. Hapo una njia mbili.

Winnats Pass ni korongo la mawe ya chokaa, kuta zimesimama pande zote mbili, uzuri wake ni wa kutisha. Lakini barabara ni nyembamba, kali kama paa, haina njia ya miguu na magari yanapita. Tembea kwenye nyasi pembeni, na wikendi kama una watoto usipite.

Barabara iliyobomoka ni ile ya 1979. Hakuna gari. Unatembea juu ya lami iliyopasuka na kukunjwa kama mkeka, unaona tabaka za lami walizokuwa wanaongeza mwaka baada ya mwaka kabla ya kukata tamaa. Watoto wanaipenda kuliko kitu chochote. Ukifika chini, kabla ya kuelekea kijijini, kuna mabaki ya Odin Mine, mgodi wa zamani wa madini ya risasi, na duara lake la chuma na jiwe la kusagia madini bado lipo pale nje, bure.

Eneo hili lina mapango manne ya kulipia. Mawili, Blue John na Treak Cliff, ndo yenye yale mawe ya zambarau na njano yanayoitwa Blue John. Ukitaka pango, basi ondoa ngome au lala kijijini, vyote viwili siku moja na treni ni kukimbizana. Na ndani baridi ni ileile mwaka mzima, karibu nyuzi 10, kwa hiyo sweta hata Julai.

## Hatua ya 8: Ngome ya Peveril

Mnatakiwa muwe Castleton saa 7 na nusu mchana. Ingieni ngome kwanza, chai baadaye. Watu wanakaa kwenye mgahawa saa nzima halafu wanakimbilia ngome wanaambiwa muda wa kuingia umepita.

Njia ya kupanda kutoka ofisi ya tiketi ni zigizaga kali, mzee mwenye magoti mabovu mwambie ukweli mapema. Juu kuna mnara wa mawe uliojengwa wakati wa mfalme Henry II, miaka ya 1170, na kuta zinazofuata ukingo wa mlima. Nenda moja kwa moja upande wa nyuma uangalie chini: unaona Cave Dale, korongo lililosimama wima, ndo utaelewa kwa nini walijenga hapa, nusu ya ulinzi mlima wenyewe ulishawafanyia. Halafu geuka, Mam Tor uliyotoka asubuhi iko pale mbele na unaweza kuifuata njia yako yote kwa kidole.

Kuhusu chakula: jiko la baa nyingi za vijijini linafungwa mchana mpaka jioni, nyama halali ni bahati, ndo maana nilisema bebeni chenu. Chai na keki mtapata.

## Hatua ya 9: Castleton mpaka steshoni ya Hope

Ondokeni Castleton saa moja na robo kabla ya treni. Kwenye ramani tafuta njia inayofuata mto Peakshole Water, ni tambarare, inapita malishoni mpaka kijiji cha Hope. Kuna mahali inavuka reli ya kiwanda cha saruji, simameni, angalieni pande zote, shikeni watoto mkono.

Onyo kubwa: kijiji cha Hope sio steshoni ya Hope. Steshoni iko zaidi ya kilomita moja mbele ya kijiji, kando ya barabara kuu. Hapa ndo treni zinawapita watu, wanaona kanisa, wanaona maduka, wanasema tumefika, wanakaa. Endeleeni.

Steshoni haina mhudumu. Hakikisha upo jukwaa sahihi, Manchester upande mmoja na Sheffield mwingine, somo la dakika moja linalookoa saa nzima.

Ukiikosa treni, usihangaike. Una zile saa mbili nyingine kwenye karatasi, na basi namba 272 linapita Castleton na Hope kwenda Sheffield, angalia ratiba yake ya jioni mapema.

## Mambo yakiharibika juu mlimani

Mtu akivunjika au mkipotea kwenye ukungu piga 999, omba polisi, halafu waambie mnataka uokoaji wa mlimani. Huduma ni bure, waokoaji ni watu wa kujitolea, usione aibu kuwaita. Kama simu haishiki sauti, meseji inaweza kupita, ila lazima uwe umejisajili kabla: tuma neno "register" kwenda 999 leo ukiwa nyumbani na ufuate maelekezo. Bila simu, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

## Kama kuna mzee, mjamzito au mawingu yameshuka

Pandeni basi 272 kutoka Sheffield mpaka Castleton. Zungukeni kijiji, nendeni mpaka mdomo wa pango la Peak Cavern kwa kando ya mto, ingieni mwanzo wa Cave Dale muione ngome kutoka chini, kunyweni chai, rudini na basi. Mama yangu mzazi alipokuja tulifanya hivyo na mpaka leo anaulizia yale maua ya madirishani.

## Usiku uleule ukifika nyumbani

Kagueni kupe kwa kila mtu, hasa watoto, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele, wengi wanashika kuanzia masika mpaka vuli mkipita kwenye nyasi ndefu. Ukimkuta, mtoe kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta wima taratibu bila kumminya wala kumpaka mafuta. Wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linatanuka, au homa bila sababu, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa mlimani.

Buti zijaze magazeti makavu uziweke mbali na hita, hita inapasua gundi. Badilisha magazeti asubuhi.